Makasri matatu kwa siku saba, bila nguruwe wala divai

Swali limetoka kwa msomaji wa Tanga: "Mimi na mume wangu tutakuwa Paris siku saba katikati ya Mei. Visa tumeshapata. Tunataka kuona makasri ya wafalme na kula chakula cha Kifaransa chenyewe, tusiishie kwenye chipsi na piza. Sisi ni Waislamu: hatuli nguruwe na pombe hatuitaki hata ndani ya mchuzi. Kifaransa hatujui. Kuna basi la watalii linalopita Versailles, Fontainebleau, Chambord na Chenonceau kwa siku mbili. Tulichukue?"

Dada, basi hilo msilichukue. Litawafikisha milangoni kote, mtapiga picha, mtarudi Paris usiku mmechoka na hamjala cha maana. Ushauri wangu ni kasri moja kwa siku, siku tatu, zisizofuatana ikiwezekana, na mlo mkuu uwe wa mchana. Mchana mpishi yuleyule wa usiku anapika kwa bei ya chini, na mlo huo ndio watalii wengi wanaoukosa kwa kutojua saa za jiko. Pangeni siku kwa kufuata jiko kwanza, kasri lifuate.

Chambord liacheni safari hii. Ni jengo la ajabu: lina ngazi mbili zinazozungukana ili anayepanda na anayeshuka wasikutane, na uzio wa ukuta wenye urefu wa kilomita 32. Lakini liko katikati ya msitu, na asiye na gari hutegemea basi la msimu kutoka stesheni ya Blois. Basi la jioni likikupita, imebaki teksi. Isitoshe, mfalme François wa Kwanza aliyelianza mwaka 1519 alikaa humo wiki chache tu katika utawala wake wote. Samani zilikuja naye na kuondoka naye, ndiyo maana sehemu kubwa ya vyumba inaonekana mitupu. Kwa mgeni wa mara ya kwanza, Chenonceau lina mengi zaidi ya kuona, na stesheni yake iko karibu kabisa na lango.

Sasa siku za wiki, maana hapa ndipo safari nyingi huharibika. Versailles hufungwa Jumatatu. Louvre na Fontainebleau hufungwa Jumanne. Kwa hiyo Jumanne, watu waliokuta Louvre imefungwa humiminika Versailles, wakikutana na wale waliozuiwa Jumatatu. Jumamosi na Jumapili ni siku za chemchemi za bustanini, na wenyeji nao huja kwa wingi. Wekeni Versailles Jumatano au Alhamisi, Fontainebleau Ijumaa, na Chenonceau, ambalo huwa wazi kila siku ya mwaka, Jumatatu. Angalieni pia kalenda ya sikukuu: Alhamisi ya Kupaa mara nyingi huangukia Mei, na Wafaransa wengi huiunganisha na Ijumaa kuwa likizo ndefu. Treni hujaa na bei zake hupanda.

Saa ninazotaja hapa ni za Kiswahili. Tiketi na vibao vya kule hutumia saa 24, kwa hiyo saa 3 asubuhi mtaiona imeandikwa 9h00, na saa 8 mchana ni 14h00.

Kwa Versailles nunueni mapema, kwenye tovuti rasmi ya kasri, tiketi inayoitwa Passeport yenye saa ya kuingia. Tiketi ya kasri peke yake ina mtego: kati ya Aprili na Oktoba bustani hulipiwa siku za muziki na chemchemi, ambazo ni siku nyingi za wiki, na watu hufika getini la bustani na kuambiwa walipe tena. Passeport ina kasri, bustani na majumba madogo ya Trianon. Tangu Januari 2026, Louvre, Versailles na Chambord zina bei ya juu zaidi kwa wageni wasiotoka Eneo la Kiuchumi la Ulaya. Louvre, kwa mfano, ni euro 32 badala ya 22. Msinunue tiketi ya Wazungu wa Ulaya kwa sababu tu ni rahisi, maana mlangoni huulizwa kitambulisho.

Chagueni kuingia saa 3 asubuhi au baada ya saa 9 alasiri. Kati ya saa 4 na saa 8 ndipo makundi ya mabasi yanapojaa, na katika Ukumbi wa Vioo mtaona migongo ya watu kuliko vioo. Nani asiyetaka kuuona ukumbi huo vizuri? Una urefu wa mita 73, ulijengwa kati ya 1678 na 1684, na vioo vyake 357 vimepangwa katika matao 17 yanayotazamana na madirisha 17 ya bustanini. Wakati ule kioo kikubwa kilikuwa mali ya Venice, na Louis wa 14 alitaka dunia ione kwamba Ufaransa nayo imejua kukitengeneza. Simameni katikati, mgeukie dirishani: mhimili mmoja unatoka hapo, unapita kwenye chemchemi, unafuata Mfereji Mkuu mpaka macho yanaishia. Kazi hiyo ya bustani ni ya André Le Nôtre. Hapo ndipo mnaelewa kwa nini mfalme alihamishia serikali yote hapa mwaka 1682. Aliwataka wakuu wa nchi waishi chini ya macho yake, na hata kumtazama akila kulikuwa heshima iliyopangiwa taratibu.

Kufika kuna njia tatu, na jina Versailles liko kwenye stesheni zaidi ya moja. Treni ya jiji na vitongoji iitwayo RER C, ile inayoishia Versailles Château Rive Gauche, inawashusha umbali wa dakika kumi kwa miguu. Treni ya kutoka stesheni ya Saint-Lazare jijini Paris huishia Versailles Rive Droite, na ya kutoka Montparnasse husimama Versailles Chantiers. Kutoka hizo mbili mtatembea kama dakika ishirini. Kosa la kawaida ni kupanda RER C yoyote ile, kumbe mstari huo una matawi mengi. Someni jina la mwisho wa safari kwenye ubao kabla ya kupanda. RER C ikiwa na hitilafu, Montparnasse ndiyo njia ya haraka. Simu na pochi viwe mifuko ya mbele, kwani treni za watalii zina wezi wao.

Mkitoka ndani ya kasri karibu saa 5, msikimbilie Trianon: hufunguliwa saa 6 mchana. Muda huo una mahali pake. Dakika chache kwa miguu kutoka kasri, mtaa wa Maréchal-Joffre, iko Potager du Roi, bustani ya mboga ya mfalme. Watalii wengi hawaijui, nami naiona kuwa mahali bora zaidi pa kuelewa chakula cha Kifaransa kilitoka wapi. Palikuwa kinamasi. Jean-Baptiste de La Quintinie alikikausha na kupanda kati ya 1678 na 1683, hekta tisa zilizogawanywa kwa kuta. Kuta hizo si za urembo. Hunyonya joto la jua mchana na kulirudisha usiku, na miti ya matunda husukwa juu yake iwe bapa ili kila tunda lipate mwanga. Kwa kuta, vioo na joto la samadi mbichi, La Quintinie alimpa mfalme stroberi mwishoni mwa Machi na asparaga, zile asperge, katikati ya baridi. Tazameni siku za kufunguliwa kabla ya kwenda, kwa sababu hazifanani na za kasri.

Siku hiyo chakula cha mchana kiwe sokoni. Soko la Notre-Dame mjini Versailles lina kumbi za kudumu, hufungwa Jumatatu, na wauza jibini, mikate na matunda wako pamoja. Mei ni mwezi wa asperge, figili za kuliwa na siagi na chumvi, na stroberi aina ya gariguette: ndefu, zenye uchachu kidogo, na hazidumu zaidi ya siku moja. Kwa watu wawili chukueni gramu 250 za stroberi, gramu 150 za jibini ya Comté na mkate mmoja. Msile ndani ya bustani rasmi, hairuhusiwi. Sehemu zinazoruhusiwa ni Plaine Saint-Antoine na kando ya bwawa la Pièce d'eau des Suisses.

Mkate nao una jina la kuomba. Mkisema baguette tu mtapewa ya kawaida. Semeni "une tradition". Kwa amri ya serikali ya mwaka 1993, mkate huo haugandishwi katika hatua yoyote, hauna viongezi vya kemikali, ni unga, maji, chumvi na chachu. Ganda lake ni gumu na ndani una matundu yasiyolingana. Hufa haraka pia: wa asubuhi jioni ni mgumu, kwa hiyo nunueni mara mbili kwa siku kama wenyeji. Croissant iwe "au beurre", ya siagi. Mara nyingi ndiyo iliyonyooka, wakati iliyopinda ni ya majarini.

Fontainebleau ni safari rahisi. Stesheni ya Gare de Lyon, hapohapo Paris, treni ya mstari wa R, kama dakika 40 hadi Fontainebleau-Avon, kisha basi la mjini mpaka kasri. Nyua na bustani ni bure, mnalipa ndani tu. Versailles ni kazi ya mfalme mmoja hasa, lakini hapa wafalme walikaa tangu karne ya 12, kila mmoja akiongeza lake. Msipite haraka ukumbi mrefu wa François wa Kwanza, uliopambwa na Mwitaliano Rosso Fiorentino katika miaka ya 1530 kwa picha na sanamu za plasta zilizoungana ukutani. Kisha chumba cha enzi cha Napoleon, chenye samani zake bado mahali pake. Ngazi ya mbele yenye umbo la kwato ndipo alipowaaga walinzi wake tarehe 20 Aprili 1814 kabla ya kupelekwa uhamishoni kisiwani Elba. Mkishatoka, ulizeni dukani kwa muuza jibini kitu kiitwacho fontainebleau: jibini laini iliyochanganywa na krimu iliyopigwa, hufungwa kwa kitambaa chepesi na kuliwa na sukari au stroberi.

Hii ndiyo siku ya kukaa mkahawani mjini, kwa hiyo niseme sasa mambo ya mezani.

Jiko hufunguliwa saa 6 mchana na hupokea oda hadi kama saa 8. Mkifika saa 8 na nusu mtaona watu wanakula, na bado mtaambiwa jiko limefungwa. Si ubaguzi, mpishi amezima moto. Jioni huanza saa 1 au saa 1 na nusu. Katikati ya hapo mtegemee mikahawa iliyoandika "service continu". Hesabu hiyo inaendana na ibada: katikati ya Mei Adhuhuri ya Paris huingia kama dakika kumi kabla ya saa 8 mchana, yaani mlo mnamaliza kwanza, na Magharibi huingia karibu saa 3 na nusu usiku, baada ya chakula cha jioni. Jumapili na Jumatatu mikahawa mingi hufungwa.

Mkiingia, salamu kwanza. "Bonjour, madame" au "bonjour, monsieur" kabla ya neno lolote, mkisubiri kuonyeshwa meza. Hiyo ndiyo hodi yao, na anayeanza na "table for two" huhudumiwa kwa ubaridi ambao hataelewa umetoka wapi. Menyu ya "formule" mchana ni vyakula viwili kwa bei moja, cha kwanza na kikuu au kikuu na kitamu. Paris ni takriban euro 16 hadi 25. "Entrée" ni chakula cha kufungulia, si kikuu. Maji ombeni "une carafe d'eau": ni ya bomba, safi, na hayalipiwi. Mkisema "water" tu mtaletewa chupa ya kulipia. Mkate huja bure. Huduma imo ndani ya bei, kwa hiyo bakshishi si deni. Bili haitaletwa mpaka muombe, "l'addition, s'il vous plaît", kwa maana kuileta kabla ni kuwafukuza.

Nyama ya ng'ombe na kuku katika mikahawa ya kawaida haikuchinjwa kwa taratibu za Kiislamu. Basi katika mikahawa hiyo kaeni kwenye samaki, mayai na mboga, nyama muile penye alama ya halali, na mitaa ya Belleville na Barbès ina mikahawa hiyo tele. Nguruwe hujificha. Lardons, vipande vidogo vya nyama yake, vimo ndani ya quiche lorraine, saladi nyingi za mashambani, na hata baadhi ya supu za dengu. Rillettes, fahari ya mji wa Tours, ni nguruwe. Andouillette ni utumbo wa nguruwe.

Divai hujificha zaidi. Bœuf bourguignon na coq au vin, yaani ng'ombe na jogoo wa kupikwa kwa divai, zimejitangaza, lakini wengi hawajui kwamba sosi ya beurre blanc, ambayo samaki wa mto Loire karibu wote huvikwa, huanza kwa kuchemsha shaloti ndani ya divai nyeupe. Kome waitwao moules marinières hupikwa humo pia, na supu ya kitunguu mara nyingi hutiwa. Msikubali jibu kwamba pombe yote huruka motoni: kiasi hubaki, hasa chakula kikipikwa kwa muda mfupi. Kwenye vitamu epukeni keki iitwayo "baba au rhum" na crêpe Suzette, na keki za tabaka zenye ute unaotetemeka, ambao mara nyingi ni jelatini ya nguruwe. Tarte tatin ya matofaa, crème brûlée na île flottante kwa kawaida ni salama, lakini ulizeni.

Kinachobaki si kidogo, na ndicho Ufaransa yenyewe. Sole meunière: samaki aliyepakwa unga, akakaangwa kwa siagi mpaka siagi ikanukia njugu, na limau juu. Brandade, chewa wa chumvi aliyepondwa kwa maziwa na mafuta ya zeituni, ambaye mtu wa pwani atamwelewa mara moja. Liki kwa sosi ya haradali, omeleti isiyoiva sana katikati, gratin dauphinois ya viazi na krimu, ratatouille. Karibu na stesheni ya Montparnasse, mtaa wa rue du Montparnasse umejaa wapishi wa galette, chapati nyembamba za unga mweusi wa sarrasin, kwa sababu Wabretoni walishukia stesheni hiyo na kukaa jirani. Ile ya "complète" ina yai, jibini na nguruwe. Semeni "sans jambon, avec champignons", bila nguruwe, na uyoga, na mkatae cidre inayoletwa nayo, kwani ni pombe.

Andikeni sentensi hii kwenye karatasi mumpe mhudumu mkono kwa mkono kabla ya kuagiza: "Bonjour. Nous ne mangeons ni porc, ni jambon, ni lardons, et aucun plat cuisiné avec du vin ou de l'alcool. Nous mangeons du poisson, des œufs et des légumes. Que nous conseillez-vous ?" Swali la mwisho ndilo lenye nguvu. Orodha ya makatazo humchosha mpishi, lakini ukimwomba ushauri amekuwa mwenyeji wako.

Kuhusu jibini: nyingi za asili hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama. Wanazuoni wametofautiana, mfuate wenu. Mkitaka kuepuka, ulizeni "présure végétale". Na mjamzito asile zilizoandikwa "lait cru", maziwa yasiyochemshwa.

Chenonceau ni siku ndefu kuliko zote. TGV, treni ya mwendo kasi, kutoka Montparnasse hadi Saint-Pierre-des-Corps, kama saa moja, kisha treni ndogo ya mkoa, chini ya nusu saa, hadi Chenonceaux. Stesheni na kijiji vina x mwishoni, kasri halina, na mkikosea herufi hiyo kwenye kutafuta tiketi mtaambiwa hakuna safari. Tiketi ya TGV nunueni wiki kadhaa kabla, kwani bei hupanda kadiri siku inavyokaribia. Treni ndogo ni chache kwa siku. Chagueni ya kurudi kwanza, ndipo mchague ya kwenda.

Kasri limekaa juu ya mto Cher. Diane de Poitiers, kipenzi cha Henri wa Pili, alijenga daraja. Mfalme alipokufa mwaka 1559, mjane wake Catherine de Médicis alimnyang'anya Diane kasri na kujenga ukumbi wa mita 60 juu ya daraja lilelile. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia ukumbi huo ulikuwa hospitali. Katika vya Pili mto ulikuwa mpaka wa eneo lililokaliwa na Wajerumani, na mlango wa mwisho wa ukumbi ulitokea upande wa pili. Shukeni chini msiyakose majiko: yamejengwa ndani ya nguzo za kasri zilizosimama mtoni, na vyakula vililetwa kwa mashua moja kwa moja mpaka mlangoni. Tanuri la mkate, bucha na stoo viko hapo, na sufuria za shaba bado zimepangwa.

Kwa kuwa ni Jumatatu, na maduka mengi ya jibini na mikahawa hufungwa, nunueni chakula Paris Jumapili asubuhi. Ombeni Sainte-Maure de Touraine, jibini ya mbuzi ya mkoa huohuo, yenye umbo la kigogo kidogo, na bua la nafaka ya rai katikati. Mbuzi wa Mei wamekula majani mapya, na jibini yao ni tamu kuliko ya baridi. Chomoeni bua kwanza, kisha kateni kuanzia upande mnene. Mkate nunueni asubuhi ya safari, karibu na stesheni.

Siku mnazobaki Paris wekeni Louvre Jumatano au Alhamisi ile isiyo ya Versailles, na alasiri moja mwende Msikiti Mkuu wa Paris, uliofunguliwa mwaka 1926 mkabala na Jardin des Plantes. Mtaswali, na chai ya nanaa na kuskusi viko palepale. Pia piteni Palais-Royal, bustani ya bure katikati ya jiji: katika miaka ya 1780 Antoine Beauvilliers, aliyekuwa mpishi wa nyumba ya kifalme, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuwafungulia watu wa kawaida mkahawa wa hali ya juu katika eneo hilo.

Nauli: kila mmoja awe na kadi yake ya Navigo Easy, kwa kuwa kadi moja haipitishi watu wawili kwenye safari ileile. Tiketi ya metro na RER ina bei moja kwa mkoa wote wa Paris tangu Januari 2025, ikiwafikisha Versailles na Fontainebleau kwa bei ileile ya kituo kimoja mjini. Uwanja wa ndege una tiketi yake tofauti. Na tiketi ya basi ni nyingine, kwa hiyo wekeni mbili za basi kwenye kila kadi kabla ya siku ya Fontainebleau.